Taa za Paani kwenye Barabara za Chai

Taa ya ziada ya paani ni taa inayofungwa juu ya kioo cha mbele cha gari, kwenye keria au kwenye ukingo wa paa, ili kumwonyesha dereva kile ambacho taa kuu hazikifikii. Taa kuu za gari kama Land Cruiser au Land Rover hukaa karibu mita moja tu kutoka ardhini. Mwanga wake hutambaa juu ya barabara, na kila shimo au mfereji wa tairi hujaa kivuli. Dereva huona weusi mtupu, asijue kama kina ni cha vidole viwili au cha magoti. Taa iliyo mita mbili juu humulika kwa mshuko, mwanga ukaingia ndani ya shimo na kuonyesha sakafu yake.

Katika kaunti za Kericho na Bomet, nchini Kenya, tofauti hiyo ni ya kila siku. Nchi hii ya vilima iko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na giza huingia upesi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, na barabara za murramu huwa laini saa zile zile ambapo kazi ya chai imepamba moto. Majani mabichi hayangoji: yakirundikwa kwenye mifuko hupata joto na kuanza kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Lori za kukusanya majani huzunguka vituo vya wakulima jioni na pengine usiku, zikielekea viwanda kama Momul, Litein, Kapkatet na Mogogosiek, na magurudumu yake huchimba mifereji mirefu kwenye matope mekundu. Gari dogo linalofuata nyuma, liwe la afisa wa kilimo, la daktari wa mifugo au linalompeleka mama mjamzito hospitalini, hukuta barabara isiyofanana na ile ya asubuhi.

Ustadi wa kufunga taa nyingi kwenye gari una historia ndefu Afrika Mashariki. Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi zilikimbiwa wakati wa Pasaka, mchana na usiku, kupitia vumbi na matope. Joginder Singh, aliyeshinda mbio hizo mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Magari ya zama zake yalibeba safu za taa za ziada, na mara nyingi boneti zake zilipakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili mwanga usimrudie dereva machoni. Mafundi wa mbio hizo walijua jambo ambalo mnunuzi wa taa dukani husahau kwa urahisi: taa huwaka kwa kadiri ya waya unaoilisha. Taa nzuri kwenye waya mwembamba hutoa mwanga hafifu, na taa yoyote kwenye waya usiolindwa inaweza kuchoma gari.

Mahali pafaapo na mahali pasipofaa

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua taa za paani hazifai wapi. Kericho ni nchi ya ukungu. Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyotawanyika hewani, na kila tone hurudisha sehemu ya mwanga kule ulikotoka. Taa za paani ziko karibu na usawa wa macho ya dereva, kwa hiyo mwanga unaorudishwa humjia usoni moja kwa moja, na mbele yake husimama ukuta mweupe. Mvua kubwa hufanya vivyo hivyo. Taa za ukungu hufungwa chini, kwenye bampa, zikatupa mwanga mpana na wa chini ulio mbali na mstari wa macho. Dereva wa Kericho anayetaka kusafiri kwenye ukungu atafaidika zaidi na jozi ya taa za bampa kuliko safu nzima ya taa za paani.

Kazi halisi ya taa za paani ni mwendo wa polepole nje ya lami: kuchagua mstari wa kupita kwenye matope, kuona ukingo wa daraja la magogo, kugeuza gari kwenye njia nyembamba kati ya michai, kuangaza mahali pa kuvutia gari lililokwama. Kwa kazi hizo mwanga mpana wa karibu ni bora kuliko mwale mwembamba unaopiga mbali. Rangi ya mwanga pia ina maana. Mwanga mweupe unaoelekea ubuluu huonekana mkali dukani, lakini juu ya udongo mwekundu uliolowa hupoteza tofauti kati ya tope na ardhi ngumu. Mwanga mweupe unaoelekea umanjano huonyesha udongo huo vizuri zaidi na hauchoshi macho haraka.

Paa lenyewe lina mipaka. Taa inayochomoza juu ya keria hugonga matawi ya mikaratusi na mapaa ya chini ya vituo vya majani. Mtengenezaji wa gari pia huweka kikomo cha uzito ambao paa linaweza kubeba, na keria yenyewe huhesabiwa ndani ya kikomo hicho. Taa ikirudishwa nyuma sentimita 20 hadi 30 kutoka ukingo wa mbele wa paa, paa hukata mwanga ambao ungeanguka kwenye boneti na kumrudia dereva. Mahali pakiwa pabaya, hakuna waya utakaoponya mng'ao huo.

Hesabu ya mzigo

Umeme wa gari huanza na hesabu moja: wati zikigawanywa kwa volti hutoa ampea. Magari mengi madogo hutumia volti 12. Taa moja ya halojeni ya wati 55 huvuta takriban ampea 4.6. Taa nne za aina hiyo ni wati 220, nazo huvuta ampea 18 na kidogo. Zikiwa za wati 100 kila moja, mzigo hufika ampea 33. Taa za LED hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati, na ndiyo sababu zimeenea: LED nne za wati 20 kila moja huvuta chini ya ampea 7 zote pamoja, na kazi yake inaweza kuzidi ya halojeni za wati 55.

Takwimu zilizoandikwa kwenye sanduku zisiaminiwe bila kupimwa, hasa kwa taa za bei ya chini. Ampea mita ndiyo shahidi. Taa inayotangazwa kuwa ya wati 300 lakini inavuta ampea 8 tu kwa volti 13 ni taa ya wati 100 na kidogo. Kipimo hicho ndicho kinachotumika kuchagua waya na fyuzi.

Volti za gari zithibitishwe pia. Lori nyingi za majani, pamoja na baadhi ya Land Cruiser za dizeli, zina betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo kutoa volti 24. Balbu ya volti 12 ikiunganishwa huko hukatika papo hapo. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili si dawa, kwa kuwa betri moja hutumika zaidi ya mwenzake na zote mbili hufa mapema. LED nyingi zimetengenezwa kwa upana wa volti 9 hadi 32 na hufaa pande zote mbili, mradi alama hiyo imeandikwa juu yake.

Upande wa pili wa hesabu ni alteneta. Gari la zamani lenye alteneta ya ampea 55 tayari hulisha taa kuu, taa za nyuma, feni ya hita na waipa, nayo mvua ikinyesha usiku vyote hivyo hufanya kazi kwa pamoja. Injini ikiwa inazunguka polepole, kama inavyokuwa gari likipapasa njia kwenye matope, alteneta haitoi ampea zake zote. Mzigo ukizidi, pengo hujazwa na betri. Taa nne za halojeni za wati 55 zikiachwa zinawaka injini ikiwa imezimwa, betri ya ampea-saa 70 hupoteza nusu ya chaji yake ndani ya saa mbili, na kuwasha gari huanza kuwa mashaka.

Unene wa waya

Kila waya una ukinzani, na ukinzani hula volti. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una takriban miliomu 12 kwa kila mita. Wa 2.5 una 7, wa 4 una zaidi kidogo ya 4, na wa 6 una karibu 3. Namba hizi ni ndogo kwa macho, lakini safari ya kutoka betri hadi paani, ikifuata ukingo wa boneti na kupanda nguzo ya kioo, hufika mita 5 hivi, na umeme lazima urudi. Kwa hiyo urefu unaohesabiwa ni mita 10.

Chukua taa nne za halojeni zinazovuta ampea 18.3. Kwenye waya wa 1.5, volti 2.2 hupotea njiani. Kwenye waya wa 2.5 hupotea 1.3, kwenye wa 4 hupotea 0.8, na kwenye wa 6 hupotea karibu 0.5. Mwanga wa balbu ya halojeni haupungui kwa usawa na volti. Hushuka kwa kasi kubwa zaidi. Ikipata asilimia 90 ya volti zake hutoa karibu asilimia 70 tu ya mwanga. Mwenye gari aliyetumia waya wa 1.5 hupoteza karibu nusu ya mwanga alioununua, na nguvu iliyopotea hugeuka joto ndani ya waya. LED zina kidhibiti cha ndani kinachoshikilia mwanga hata volti zikishuka kidogo, lakini taa ya aina hiyo hufidia upungufu kwa kuvuta ampea zaidi, na waya mwembamba huzidi kupata moto.

Njia bora kwa taa nne ni kuzigawa katika mikondo miwili: jozi ya kushoto na jozi ya kulia, kila moja na waya wake, fyuzi yake na rilei yake. Kila mkondo hubeba ampea 9 na kidogo, na waya wa 2.5 hutosha kwa upungufu wa volti 0.6 hivi. Waya wa 4 ukipatikana, upungufu hushuka hadi 0.4. Faida kubwa zaidi huonekana siku ya shida: mkondo mmoja ukikatika katikati ya msitu, nusu ya taa hubaki zinawaka.

Aina ya waya ni muhimu sawa na unene. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai kwenye gari, kwa sababu mtikisiko huuchosha hadi ukavunjika ndani ya ganda bila kuonekana. Unaofaa ni waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba, na ganda linalostahimili joto la injini na mafuta. Madukani kuna pia waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu. Ukikwaruzwa kwa kisu, weupe hujitokeza chini ya wekundu.

Fyuzi na rilei

Fyuzi hailindi taa. Inalinda waya, na kupitia waya inalinda gari. Waya unaotoka kwenye kichwa chanya cha betri ukichunwa na chuma kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuwaka. Kwa hiyo fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 za kwanza za waya. Ukubwa wake huzidi mzigo kwa angalau robo, lakini usizidi kile ambacho waya unaweza kubeba. Kwa mkondo wa ampea 9, fyuzi ya 15 inafaa. Fyuzi ikikatika mara mbili, kuna waya uliochunika au muungano ulioingia maji. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya mahali pake, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye gari.

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme. Ndani yake kuna koili ndogo inayovuta sehemu ndogo tu ya ampea moja. Koili ikipata umeme hugeuka sumaku na kuvuta kibati kinachofunga njia ya mkondo mkubwa. Hivyo swichi ya dashibodi na waya wake mwembamba havibebi mzigo wa taa. Hubeba amri tu. Mkondo mkubwa huenda kwa njia fupi: betri, fyuzi, rilei, taa. Bila rilei, ampea zote zingeingia ndani ya gari, zipite kwenye swichi ya plastiki, kisha zirudi nje kupanda paani.

Rilei za magari hubeba namba zinazofanana karibu kote duniani, na kuzijua kunatosha kufunga mfumo mzima. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 hupeleka umeme kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ncha mbili za koili: moja hupata umeme kutoka swichini, nyingine huenda kwenye hasi. Rilei ya ampea 30 au 40 hutosha kwa kila jozi. Hufungwa mahali pakavu, mbali na bomba la moshi, miguu ikitazama chini ili maji yasitulie ndani yake.

Amri kutoka taa kuu

Swichi ya taa za paani inaweza kupata umeme wake mahali pawili. Inaweza kutoka kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, na hapo taa huwaka wakati wowote dereva anapotaka. Au inaweza kutoka kwenye waya wa taa kuu za fulu, na hapo taa za paani huzimika zenyewe dereva anapodimu. Kwa gari linaloshika lami kutoka Kericho hadi Bomet na kurudi, njia ya pili ni salama zaidi. Mkono uliozoea kudimu kwa ajili ya gari linalokuja huzima fulu na taa za paani kwa mwendo mmoja, bila kutafuta swichi nyingine gizani.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, hasa kwenye Toyota. Katika magari mengi, swichi ya taa kuu hukata na kuunganisha upande wa chanya. Lakini Toyota nyingi, zikiwamo Land Cruiser za miaka mingi, hufanya kinyume: balbu hupata chanya mara taa zinapowashwa, na swichi huchagua kati ya fulu na dimu kwa kuunganisha upande wa hasi. Fundi akiunganisha koili ya rilei kati ya waya wa fulu na bodi kama alivyozoea, matokeo huwa kichekesho cha hatari: taa za paani huwaka gari linapodimu na kuzimika linapokuwa kwenye fulu. Sababu ni kwamba waya wa fulu usipounganishwa na hasi, hubeba chanya inayopita kwenye uzi wa balbu, na koili huikamata.

Kipimo cha dakika mbili huondoa mashaka. Multimita huwekwa kati ya waya wa fulu kwenye plagi ya balbu na bodi ya gari, taa zikiwa zimewashwa na balbu iko mahali pake. Ikisoma volti 12 kwenye fulu na sifuri kwenye dimu, gari hukata chanya, na koili huunganishwa kwa njia ya kawaida. Ikisoma karibu sifuri kwenye fulu na volti 12 kwenye dimu, gari hukata hasi. Hapo mguu wa 86 huunganishwa na waya wa chanya wa balbu kupitia swichi ya dashibodi, na mguu wa 85 huunganishwa na waya wa fulu badala ya bodi. Fulu ikiwashwa, njia ya koili hukamilika na taa za paani huwaka pamoja nayo.

Magari ya karibuni yana kompyuta inayolinda taa na kuhesabu mkondo wake. Kudunga waya kwenye taa za gari kama hilo kunaweza kuwasha onyo kwenye dashibodi au kuharibu kidhibiti. Kwa magari hayo hutumika kiunganishi kilichotengenezwa mahususi, au swichi ya kujitegemea isiyogusa taa kuu kabisa.

Kupandisha waya, kuzuia maji

Kazi huanza kwa kuondoa kichwa hasi cha betri, na humalizika kwa kukirudisha mwisho. Waya hupita kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo, hufuata nyaya za gari zilizopo, na hufungwa kwa vibano kila sentimita 20 au 30 ili usicheze. Haupiti karibu na bomba la moshi, wala haushiki chuma chenye makali. Popote unapopenya bati, tundu huwekewa raba. Kupanda paani, waya hufuata nguzo ya kioo cha mbele kwa nje, ndani ya bomba, au hupita nyuma ya snokeli pale ambapo gari lina snokeli. Kutoboa paa ni hatua ya mwisho kabisa: tundu moja lisilozibwa vizuri huleta kutu na maji ya kichwani kwa miaka.

Maji ya Kericho huja kwa namna zote. Huja kama mvua, kama ukungu unaolowesha usiku kucha, na kama shinikizo la mashine ya kuoshea magari linalosukuma matone mahali ambapo mvua haifiki. Huja pia kama mvua ya mawe. Ukanda wa Kericho na Nandi unajulikana na wataalamu wa hali ya hewa kwa wingi wa mvua hiyo, na katika miaka ya 1960 majaribio yalifanywa huku kuizuia kwa kupanda kemikali mawinguni ili kuokoa chai. Taa ya paani hutazamana na mawe hayo bila kinga, kwa hiyo lenzi ya polikaboneti au wavu wa chuma mbele ya kioo si pambo. Alama ya IP67 kwenye taa humaanisha kwamba vumbi haliingii na kwamba taa inaweza kukaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. IP69K humaanisha kwamba imestahimili maji ya moto ya shinikizo kubwa.

Hata hivyo taa mara nyingi si mahali maji yanapoanzia. Huanzia kwenye maungio. Waya wenye nyuzi nyingi hunyonya maji kama utambi wa koroboi, na maji yaliyoingia juu paani husafiri ndani ya ganda hadi kwenye rilei. Kinga zake ni tatu. Ya kwanza ni kitanzi: kabla ya kuingia kwenye taa au kwenye kisanduku, waya hushuka kidogo kisha hupanda, ili maji yadondoke kwenye sehemu ya chini kabisa badala ya kufuata waya hadi ndani. Ya pili ni vichwa vya waya vilivyobanwa kwa koleo lake maalumu, si kwa meno wala nyundo, kisha kufunikwa kwa mpira wenye gundi ndani unaosinyaa ukipashwa moto. Kulehemu kwa risasi peke yake hufanya waya uwe mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa barabara mbovu huuvunja hapo hapo. Ya tatu ni plagi zenye raba za kuzuia maji, zikipakwa grisi ya umeme ndani. Tepu nyeusi peke yake haizuii maji. Hulegea kwa jua na kuhifadhi unyevu chini yake.

Njia ya kurudi

Umeme unaokwenda kwenye taa lazima urudi kwenye hasi ya betri, na njia hiyo huitwa athi. Wengi hutegemea chuma cha gari: waya mfupi kutoka kwenye taa hadi kwenye skrubu ya keria. Lakini keria hukalia mfereji wa paa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwenye Land Rover za zamani, vibati vingi vya mwili ni vya alumini vilivyofungwa kwenye chuma. Maji yakiingia kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa na unga mweupe huota kwenye maungio. Athi ya namna hiyo hufanya kazi siku ya kwanza na kufa msimu wa mvua unaofuata. Dalili yake ni taa zinazofifia, zinazopepesa gari likiruka, au zinazowaka pale tu mtu anapozishika.

Suluhisho ni kushusha waya wa hasi unaolingana kwa unene na ule wa chanya, ndani ya bomba lile lile, hadi kwenye kichwa hasi cha betri au kwenye boliti ya athi ya injini. Ikilazimu kutumia bodi, rangi huondolewa hadi chuma king'ae, kichwa cha waya hubanwa kwa boliti na washa yenye meno, kisha mahali pote hupakwa grisi au rangi kuzuia kutu.

Kupima na kuelekeza

Kazi haijaisha taa zinapowaka. Injini ikiwa inazunguka na taa zote zimewashwa, volti hupimwa mahali pawili: kwenye betri na kwenye plagi ya taa ya mbali zaidi. Betri ikisoma 13.8, taa isisome chini ya 13.2. Pengo likiwa kubwa kuliko hapo, ncha moja ya multimita huwekwa kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya taa. Mita itasoma volti zinazopotea upande wa kwenda. Kipimo hicho kikirudiwa upande wa hasi huonyesha zinazopotea kwenye kurudi. Upande wenye namba kubwa ndio wenye waya mwembamba au muungano mbaya. Baada ya robo saa, fyuzi, rilei na kila plagi huguswa kwa mkono: vuguvugu ni kawaida, moto wa kuondoa mkono ni kasoro.

Kuelekeza hufanywa usiku, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida na tairi zikiwa na upepo wa kutosha, mahali tambarare mbele ya ukuta au kwenye uwanja wazi. Taa za katikati huelekezwa mbele na chini kidogo, za pembeni hufunguliwa nje ili ziangaze kingo za barabara na kona za michai. Boliti hukazwa kwa nati za kujifunga, kisha mstari wa rangi huchorwa juu ya nati na bamba lake. Mstari ukiachana, nati imelegea.

Kwenye barabara ya umma taa hizi hunyamaza. Kanuni za trafiki za Kenya hutaka taa kuu za mbele ziweze kushushwa ili zisimpofushe anayekuja, na taa za paani haziwezi kushushwa. Zinaweza kuzimwa tu. Taa ya juu humpofusha dereva wa matatu, mwendesha bodaboda na mtu anayetembea pembeni kwa sekunde kadhaa baada ya kupita, na kwenye kona za Kericho sekunde hizo zinatosha kumtoa barabarani. Vifuniko vya taa vikivikwa gari linaporudi kwenye lami, huzuia kosa la swichi na hulinda kioo kwa pamoja.

Matunzo ni machache lakini yana wakati wake. Kabla ya mvua ndefu za Machi, na tena kila baada ya mvua kubwa ya mawe, plagi hufunguliwa kuangalia kijani cha kutu ya shaba, vibano hukazwa, na lenzi huoshwa kwa maji na sabuni bila kusuguliwa kwa vumbi kavu. Kisha volti hupimwa mahali palepale pawili na kulinganishwa na zile za siku ya kwanza, ambazo hufaa kuandikwa kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Namba zikilingana, njia ya umeme ni nzima. Zikishuka, kuna mahali waya unaanza kuliwa, na kipimo kimepata habari hiyo mapema, kabla taa hazijazimika usiku kwenye matope.